Mkuki wa Angani na Mhunzi Wake

Kabla ya barabara ya Namanga kutiwa lami, na kabla ya nyanda za Wakaputiei kukatwakatwa viwanja vya hamsini kwa mia, Wamasai wa Kajiado walikuwa na jamaa miongoni mwao walioitwa Ilkunono, ambao riziki yao ilikuwa uhunzi. Hao ndio waliofua kila mkuki na kila sime ambayo morani alijifaharisha nayo mbele ya wasichana na mbele ya adui. Na hao hao ndio waliodharauliwa kuliko wote, hata mtu wa ukoo mwingine hakuona jaizi kumwoa binti yao, na silaha iliyotoka mikononi mwao ilipakwa mafuta kwanza, ili najisi ya aliyeifua itoke kabla aliyeipokea hajaishika. Moja katika sababu zilizotolewa kwa desturi hiyo ni kwamba afuaye chombo cha kumwaga damu ni mshirika wa damu itakayomwagwa. Ni sababu nzito, na mtu wa dini hawezi kuipuuza. Ila yashangaza kuwa haikumgusa hata kidogo morani, ambaye ndiye aliyeimwaga.

Mas'ala haya hunijia kila nisikiapo mazungumzo ya vijana wa Kitengela, ambao wakiinua macho wakaona kijindege cha wapenda kuruka kikielekea kiwanja cha Orly, huanza kuhesabu mataifa: Uturuki imerusha ndege yake ya kivita, Korea Kusini imerusha yake, India inayo yake, na sisi tutanunua mpaka lini? Ndani ya swali hilo yamo maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza, kama tunaweza, ni la wahandisi na washika hazina. La pili, kama imetuwajibikia, yaani kama taifa lisilofua silaha yake lina taksiri mbele ya Mungu na mbele ya vizazi vyake, ni swali la dini na hikima, nalo silisikii likiulizwa; kwa hiyo nitalishika hilo la pili, na lile la kwanza nitaliita kuwa shahidi wake.

Tukiri kwanza hali ilivyo. Kenya iliagiza kutoka Marekani ndege 12 za F-5 mwaka 1976, mwaka ule ule ambao makomando wa Israel walishuka Entebbe usiku na kuziteketeza ndege za MiG za Idi Amin zikiwa zimesimama. Zikaanza kuwasili mwaka 1978, na miongo mitatu baadaye, zilipokuwa zimechakaa, nyongeza haikutafutwa kiwandani bali Jordan, katika ndege za namna ile ile ambazo mwenyewe alikuwa amekwisha kuzitumia. Uganda nayo ilitoa katika benki yake kuu, mwaka 2011, dola milioni 740 kwa ajili ya ndege sita za Su-30 za Urusi na zana nyinginezo. Nchi inunuayo kwa namna hii hununua chombo pamoja na ridhaa ya muuzaji, na ridhaa hiyo haimalizwi kulipiwa siku ya mauzo: hudaiwa tena kila kipuri kinapokatika, kila injini inapohitaji kufunguliwa, na kila siasa ya nchi ya mbali inapogeuka.

Wasomaji wa Biblia wataitambua hali hii katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, ambamo imeelezwa kuwa zama za Mfalme Sauli hapakuonekana mhunzi katika nchi yote ya Israeli, kwa kuwa Wafilisti waliuzuia uhunzi, wasije Waebrania wakajifulia panga na mikuki; hata mkulima aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake ilimlazimu ateremke kwa adui na kulipa ujira uliowekwa. Mwenye mvukuto ndiye mwenye vita kabla vita havijaanza. Lakini tazama kisa kinavyoendelea. Daudi alimkabili Goliathi pasipo upanga, akamwangusha kwa jiwe la teo, kisha akamkata kichwa kwa upanga wa Goliathi mwenyewe. Na katika Kurani ni Daudi huyo huyo, juu yake amani, ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na kumfundisha kazi ya mikono. Na kitu alichofundishwa kufua, ukikitafuta katika Sura ya Anbiyaa na katika Sura ya Saba, ni deraya, vazi la pete za chuma limkingalo mtu na ukali wa vita. Mfalme aliyetwaa upanga kwa adui alipewa elimu ya kufua kinga. Sidai kwamba hiyo ni hukumu ya sheria, maana Daudi alipigana vita vingi na panga hazikukosekana. Lakini mtu afikiriye juu ya silaha za taifa lake hana budi kutulia kidogo hapo.

Fikihi ina mizani inayoweza kutusaidia zaidi kuliko hotuba za fahari. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizihesabu tiba, hesabu, kilimo, ufumaji na mfano wa hayo kuwa katika fardhi za kifaya: wakisimama watu wa kutosha kuzitekeleza, wengine wamesamehewa, wasiposimama, dhambi huwaenea wote, mwenye duka na mwenye ng'ombe, shehe na hakimu. Kwa mizani hiyo sina shaka kwamba ujuzi wa chuma, wa moto na wa mitambo ni fardhi juu ya kila umma utakao kuishi duniani bila idhilali, na kwamba umma uwezao kuupata ujuzi huo, kisha ukaridhika kuteremka kwa Wafilisti kila msimu, una dhambi ya pamoja. Lakini fardhi hiyo imewekwa juu ya ujuzi. Haikuwekwa juu ya chombo kimoja mahususi, sembuse chombo kilichochaguliwa kwa kuwa ndicho kingurumacho kuliko vyote.

Na hapa ndipo gharama inapokuja kutoa ushahidi wake, ambao wengi huusikiliza vibaya. Hudhaniwa kuwa ugumu wa ndege ya kivita ni umbo lake lenye ncha, au mabomu yake, au rada yake. Hayo ni magumu, lakini yananunulika na yanajifunzika. Kiini cha ugumu ni injini, na kiini cha injini ni mapanga madogo ya tabini, ambayo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika ndani ya hewa iliyo na joto kupita kiwango cha kuyeyukia cha chuma chenyewe kilichoyaunda. Hayayeyuki, kwa sababu kila panga limetobolewa vijia vyembamba vya kupitisha hewa ya kulipoza, na limekalibiwa likawa fuwele moja tupu, bila mshono wa chembe na chembe, mahali ambapo nguvu ya mzunguko ingeweza kulipasua. Mataifa yawezayo kazi hiyo kwa ukamilifu yahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na akali ya pili, nayo hayauzi siri hiyo hata kwa rafiki. Wala siri yenyewe haimo yote katika vitabu: sehemu yake kubwa imo katika mikono ya watu waliokosea miaka thelathini katika karakana moja, wakalipwa mshahara walipokosea, wakaachwa wakosee tena.

India ilianza mradi wa ndege yake, iitwayo Tejas, mwaka 1983. Iliruka mara ya kwanza Januari 2001, ikaingia kikosini Julai 2016, na mtoto aliyezaliwa siku mradi ulipoanza alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto. Injini ya wenyewe, Kaveri, ilianzishwa mwaka 1989, ikatengwa na ndege hiyo mwaka 2008 kwa kutofikia nguvu iliyotakiwa. Mpaka leo Tejas huruka kwa injini ya Marekani, na baada ya ndege 83 za namna mpya kuagizwa mwaka 2021, miili ilikamilika ikabaki kungoja injini zilizochelewa kuvuka bahari. Kaan ya Uturuki, iliyoruka Februari 2024 kwa shangwe kubwa, ina injini za Marekani. KF-21 ya Korea, kadhalika. Hata Wasweden, ambao ni mafundi wa kale katika jambo hili, waliijengea Gripen yao injini yenye asili ya Marekani. Sisemi haya kwa kubeza, maana yaliyofanywa na watu hao ni makubwa. Nasema ili ijulikane kuwa aliyejifulia mkuki wa angani kwa nguvu zake zote bado, katika moyo wa mkuki ule, huteremka kwa Mfilisti.

Katika Afrika, Wamisri walitangulia. Zama za Gamal Abdel Nasser, katika viwanda vya Helwan, walimwita Messerschmitt, Mjerumani aliyesanifu ndege za vita vya Hitler, na Brandner, fundi wa injini kutoka Austria. Wakaunda ndege iliyoitwa HA-300, ikaruka tarehe 7 Machi 1964, rubani wake akiwa Mhindi. Mwaka 1969 kazi ikakatizwa. Fedha zilikuwa zimeliwa na vita, Urusi ilikuwa tayari kutoa MiG, na mafundi wageni walirudi makwao pamoja na elimu yao. Ndege iliyosalia imewekwa leo katika jumba la makumbusho karibu na Munich, Ujerumani, yaani hata kumbukumbu yake ilimfuata mhunzi na kumwacha mwenye mkuki.

Linganisha na Israel, ambayo baraza lake la mawaziri lilikutana tarehe 30 Agosti 1987 kuamua juu ya ndege yake ya Lavi, iliyokuwa imekwisha kuruka na kusifiwa. Kura 12 zilitaka mradi ufutwe, 11 zilitaka uendelee, na mmoja hakupiga. Ukafutwa, kwa sababu gharama ilikuwa inakula jeshi zima na ufundi mwingine wote, na kwa sababu Marekani, iliyokuwa inalipa sehemu kubwa, haikupenda kulea mshindani wake. Mafundi walilia barabarani. Lakini walikuwa mafundi wa nchi ile, waliosomeshwa huko na kukaa huko, na wengi wao waliingia katika rada, satelaiti na mitambo ya hesabu, wakaipa nchi yao faida ambayo pengine Lavi isingeipa. Miradi miwili ilikufa. Mmoja uliacha watu, mwingine uliacha majengo. Kama ningelazimishwa kuchagua kipimo kimoja cha kupimia mradi wa namna hii, nisingeuliza kama utafaulu. Ningeuliza, siku utakapokufa, mauti yake yatamkuta nani ndani ya karakana.

Sasa tuhesabu kwa shilingi, ingawa hesabu haipendezi. Kuisanifu na kuijaribu KF-21, bila kununua hata moja kwa ajili ya kikosi, kumeigharimu Korea na washirika wake zaidi ya won trilioni 8, ambazo ni karibu dola bilioni 6. Na Indonesia, iliyoahidi kulipa moja ya tano, ilishindwa njiani ikaomba ipunguziwe. Kwa fedha zetu hizo ni karibu mara mbili ya mgao wa shilingi bilioni 385.4 uliopewa kaunti zote 47 za Kenya katika mwaka wa fedha wa 2023/24. Katika kaunti mojawapo ya hizo, ambayo ni hii ya Kajiado, ukame wa 2020 hadi 2023 ulilaza mifugo nyikani mpaka mizoga ikawa alama za njia. Na katika mji wake mmojawapo mkubwa, Kitengela, watu wenye nyumba za ghorofa hununua maji ya boza, na yale ya visima yana floridi iharibuyo meno ya watoto. Mali ya umma ni amana. Sura ya Anfal, ambayo wapenda silaha huitaja upesi, yawaagiza waumini wajiandae kwa nguvu, lakini agizo lenyewe limefungwa na sharti la uwezo, na aya ifuatayo papo hapo yafungua mlango wa suluhu. Mtu asomaye agizo akaruka sharti hajasoma.

Itasemwa, na ni hoja yenye nguvu kuliko zote, kwamba serikali hazifungui mfuko kwa ajili ya uhunzi mtupu. Huufungua kwa ajili ya mkuki, na mhunzi hupata elimu yake nyuma ya mkuki. Historia ya dunia yaikubali hoja hii kwa sehemu kubwa, nami sina jibu la kuikata moja kwa moja. Ninao ushahidi wa nyumbani tu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa baya la sura na zito la mwendo. Mwaka 1990 magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yakazinduliwa Kasarani, yakaonekana, yakapigiwa makofi, kisha fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Kilichobaki ni karakana ya mashine za kukereza chuma kwa hesabu za kompyuta, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na thamani kuliko gari lenyewe, na ambayo umma uliisahau kwa miaka mingi kwa kuwa haikuwa na magurudumu. Tulilia juu ya gari. Mhunzi hatukumuuliza hali. Aprili 2021 kiwanda cha bunduki kikafunguliwa Ruiru kwa shilingi bilioni 4, chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka, na hapo makofi yakarudi. Basi yaelekea sisi nasi ni Wamasai wa zamani: ukitaka tumheshimu mfuaji, sharti kwanza atuonyeshe ncha.

Tena kuna jambo la damu, ambalo Ilkunono walibebeshwa peke yao, nasi hatuwezi kulikwepa kwa kusema kuwa chombo ni chetu. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa anga walioasi waliwalazimisha marubani wa F-5 kule Nanyuki waruke wakaipige Nairobi kwa mabomu; marubani wakaruka, na imesimuliwa kuwa walikwenda wakayaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya. Ndege ilikuwa ya kigeni, mabomu ya kigeni, waliolengwa wenyeji, na kilichoyazuia maafa hakikuundwa katika kiwanda chochote. Ndege iliyofuliwa hapa nyumbani ingeruka vivyo hivyo na kuelekezwa kule kule. Unyumbani wa silaha hauongezi chembe ya haki katika matumizi yake. Huongeza uhuru wa mwenye kuitumia, na uhuru huo, pasipo taqwa, ni hatari iliyopunguziwa mlinzi mmoja, kwa maana yule muuzaji wa mbali, pamoja na maudhi yake yote, huweza siku nyingine kukataa kutoa kipuri.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa yule atakaye kuisikia, ni kwamba kujifulia ndege ya kivita katika hali tuliyo nayo si fardhi, tena ni israfu. Na kwamba kutokuwa na wahunzi wa kuifua ni taksiri ya kweli, isiyofutwa na umaskini. Mambo hayo mawili hayagongani ila kwa mtu aonaye mkuki tu. Satelaiti ya Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023 kwa roketi ya Marekani, iligharimu shilingi milioni 50. Ilisanifiwa na wahandisi wa Kenya, ikakamilishwa pamoja na kampuni ya Bulgaria, na kazi iliyopewa ilikuwa kutazama mashamba, misitu na maji, naam, hata nyika hizi za Kajiado zinapokauka. Hiyo kwangu ni deraya, ijapokuwa ndogo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya husomesha uhandisi wa ndege mjini Nairobi, mwendo wa saa moja kutoka hapa barabara ikiwa nyeupe, na mzazi wa Kitengela ajivuniaye mwanawe aliye huko ndiye huyo huyo amwonaye fundi wa kuchomelea mageti, pale kando ya barabara ya Namanga, kuwa ni mtu aliyeshindwa na shule. Fundi yule hukata bomba la chuma kwa jicho, bila kipimo, likakaa. Wanafunzi wa chuo hawajaletwa kumtazama, wala yeye hajaitwa chuoni.

Kuna watakaouliza ni nani atakayetulinda katika miaka ambayo wahunzi watakuwa wakikua. Jibu ni kwamba tutanunua, kwa uchache na bila ngoma, kama tulivyonunua tangu 1976. Lakini mkataba wa kununua nao ni karakana ikiwa aliyeuandika alijua atakacho: sharti moja la kwamba injini zifunguliwe na kukarabatiwa hapa, kwa mikono ya vijana waliotajwa kwa idadi, kwa miaka iliyotajwa, na muuzaji asilipwe sehemu ya mwisho ya fedha zake mpaka mkono wa Mkenya umeifunga injini na injini ikaruka. Sharti hilo litapandisha bei, na bungeni atasimama mtu aseme kuwa kwa fedha hizo tungepata ndege mbili zaidi. Aulizwe zitaruka miaka mingapi kabla ya kurudi kwa aliyeziuza, na nani atakuwa amejifunza nini.